Ukusanyaji wa kofia za kijeshi za kale katika pwani ya Tanzania

Ukusanyaji wa kofia za kijeshi za kale ni shughuli ya kutafuta, kutambua na kutunza kofia zilizovaliwa na askari wa zamani ili kukinga kichwa. Duniani hutafutwa sana kofia za vikosi maalumu, kama vile askari wa miavuli wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, kwa sababu zilitengenezwa chache. Katika pwani ya Bagamoyo, Saadani, Pangani na Tanga kofia zinazohusika ni hasa zile za vikosi vya kikoloni vya miaka 1889 hadi 1918. Thamani ya kila moja hutegemea ushahidi wa mahali ilipotoka na aliyeivaa.

Historia

Mwaka 1889 serikali ya Ujerumani ilimtuma Hermann von Wissmann kukandamiza upinzani wa watu wa pwani ulioongozwa na Abushiri bin Salim. Kikosi chake kiliundwa kwa ajili ya vita hiyo. Maafisa walikuwa Wajerumani. Askari wengi walikuwa Wasudani walioandikishwa Misri, na wengine walitoka Msumbiji. Mwezi Mei 1889 kikosi kilishambulia kambi ya Abushiri karibu na Bagamoyo, kisha kikateka Saadani na Pangani. Abushiri alinyongwa Pangani tarehe 15 Desemba 1889. Mwaka 1891 kikosi hicho kiligeuzwa kuwa Schutztruppe, jeshi la koloni la Afrika ya Mashariki ya Kijerumani, lililopigana hadi Novemba 1918.

Aina za kofia

* *Chepeo* au helmeti ya jua ilivaliwa na maafisa Wazungu. Umbo lake lilitengenezwa kwa gome jepesi, lile la kutengenezea vizibo vya chupa, likafunikwa kitambaa cheupe au cha khaki. Ilikinga jua, haikuzuia risasi. Waingereza walitumia aina yao iitwayo Wolseley.
* *Kofia ya ukingo mpana* ya Schutztruppe ilipinduliwa ukingo upande wa kulia na kubanwa kwa beji ya duara yenye rangi nyeusi, nyeupe na nyekundu. Utepe wake ulionyesha koloni: mweupe kwa Afrika ya Mashariki, wa buluu kwa Afrika ya Kusini-Magharibi (leo Namibia), mwekundu kwa Kamerun.
* *Tarbushi* ilikuwa kofia ya askari Waafrika. Ilifunikwa kitambaa cha khaki, ikawa na kipande cha kukinga shingo na beji ya tai mbele.

Utambuzi

Kofia bandia ni nyingi sokoni, na historia ya pwani yenyewe husaidia kuzitambua. Mfano ni kofia ya chuma ya Kijerumani inayodaiwa kuvaliwa na askari wa Schutztruppe. Wakati wa vita, Uingereza ilifunga njia ya bahari, na ni meli mbili tu za mizigo kutoka Ujerumani zilizofika: Rubens katika ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga, mwezi Aprili 1915, na Marie huko Sudi, karibu na Lindi, mwezi Machi 1916. Kofia ya chuma ya Kijerumani ilianza kugawiwa kwa wingi mwaka 1916 katika mapigano ya Verdun, Ufaransa. Kwa hiyo dai kama hilo halina msingi, hata kama kofia yenyewe ni ya kweli.

Utunzaji

Unyevu na chumvi ya pwani hutia kutu beji na vifungo, na wadudu hula kitambaa na ngozi ya ndani. Kofia huhifadhiwa mahali pakavu, mbali na jua, ikiwa imejazwa karatasi laini ili umbo lisibonyee. Haifai kuifua wala kuipaka rangi upya, kwani alama za jina, kikosi au kiwanda zinaweza kupotea.

Sheria

Mambo ya kale ya Tanzania yanalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, iliyorekebishwa mwaka 1979. Kuchimba maeneo ya kihistoria kunahitaji leseni. Kitu kilichofukuliwa kwa siri hupoteza pia sehemu kubwa ya maana yake, kwa kuwa hakuna anayeweza kuthibitisha kilikaa wapi na pamoja na nini.

Waliokosekana katika mikusanyo

Mikusanyo haionyeshi jeshi lote. Chepeo za maafisa zilipelekwa Ulaya na kutunzwa na familia na makumbusho, lakini tarbushi nyingi zilichakaa vitani. Wapagazi, waliokuwa wengi kuliko wapiganaji, hawakuacha kofia rasmi ya kukusanywa. Kumbukumbu yao imebaki katika jina la Kariakoo jijini Dar es Salaam, lililotokana na jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi wa jeshi la Uingereza.