Hoteli za familia katika mitaa ya Eastlands

Hoteli ndogo za familia katika mitaa ya Eastlands, Nairobi, zilitokana na jinsi mji ulivyojengwa wakati wa ukoloni. Serikali ilimwona mfanyakazi Mwafrika kuwa mkazi wa muda, ambaye mke na watoto wake walipaswa kubaki mashambani. Kwa hiyo nyumba nyingi za reli na za manispaa zilikuwa vyumba vya wanaume, kila chumba kikiwa na wanaume kadhaa, wakitumia jiko la pamoja. Jioni walihitaji chakula kilichokwisha kupikwa.

Miongoni mwa walioanza kuwapikia ni watu wa Pangani na Pumwani. Katika vijiji hivyo Waafrika walijijengea nyumba zao, na wengi wa wenye nyumba walikuwa wanawake. Walipangisha vyumba na kuwauzia wapangaji chai na chakula, hivyo nyumba moja ikawa makazi na biashara. Pangani ilipobomolewa mwishoni mwa miaka ya 1930, wakazi wake wengi walihamishiwa Shauri Moyo.

Katika miaka ya 1940 na 1950 ilijengwa mitaa ya Kaloleni, Bahati, Mbotela na Maringo, na wateja wakaongezeka. Lakini Aprili 1954, katika Operesheni Anvil, msako wa serikali ya kikoloni dhidi ya Mau Mau, maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru waliondolewa mjini, wakaacha nyumba na kazi zao.

Baada ya uhuru mwaka 1963, familia nyingi ziliungana mjini na biashara ikapata wasaidizi. Hadi leo mpango ni ule ule. Unga wa mandazi hukandwa kabla ya alfajiri. Maharagwe na githeri hutokota kwenye makaa. Chai huchemshwa pamoja na maziwa. Mama hupika, watoto husaidia wakitoka shule, na mteja anayeaminika huandikwa daftarini hadi mwisho wa mwezi. Kwa kuwa jamaa hawalipwi mishahara ya kila siku, chapo madondo, yaani chapati na maharagwe, huuzwa kwa bei ambayo kibarua wa mjengo anaimudu.

Adui mkubwa wa hoteli hizi alikuwa kanjo, yaani askari wa baraza la jiji, aliyevunja vibanda visivyo na leseni. Mwaka 1972 ripoti ya Shirika la Kazi Duniani kuhusu Kenya ilitetea biashara hizo ndogo, ikionyesha kuwa zilitoa kazi na kipato, na kwamba serikali ilipaswa kuziwezesha badala ya kuzisumbua. Hata hivyo ubomoaji uliendelea kwa miongo kadhaa.

Kuanzia miaka ya 1970 Eastlands ilipanuka hadi Dandora, Buruburu na Umoja. Dandora, mradi uliofadhiliwa na Benki ya Dunia, ilimpa mkazi kiwanja chenye maji na choo, naye akajenga vyumba kidogo kidogo. Huko Buruburu na Umoja, wenye nyumba waliongeza vyumba uani na mbele. Vingine vikawa maduka na hoteli. M-Pesa, iliyoanza 2007, ilirahisisha malipo, ingawa daftari la deni bado linatumika.

Hoteli hizi zimedumu kwa sababu zinatimiza haja mbili kwa pamoja: zinamlisha mfanyakazi kwa bei nafuu, na zinaipa familia kodi ya nyumba na karo ya shule.