Maradhi ya Pwani katika Bonde la Ruzizi

Msafiri atokaye Uvira kwenda kaskazini, ziwa akiliacha nyuma na milima ikimsindikiza mkono wa kushoto, huingia katika uwanda mpana wa mto Ruzizi, ambao hushuka kutoka Ziwa Kivu, takriban mita 1,460 juu ya bahari, hata ukayamwaga maji yake katika Tanganyika, mita 773 tu. Mpita njia hujua tofauti hiyo kwa jasho lake. Lakini kwa mfugaji ni habari ya uhai na mauti, kwani juu huko, katika malisho ya baridi ya Itombwe ambayo vilele vyake hupita mita 3,400, ng'ombe huneemeka, na huku chini, penye joto na majani marefu, yumo kupe wa rangi ya hudhurungi apendaye kukaa sikioni, naye ndiye mchukuzi wa ndigana kali.

Wazungu waliyaita maradhi haya Homa ya Pwani ya Mashariki, na pwani yenyewe ni ile ya Waswahili. Kwani mwanzoni mwa karne ya 20 ng'ombe walipakiwa merikebuni kutoka Afrika Mashariki kwenda Beira, ili kujaza mazizi ya Rhodesia yaliyokuwa yamefagiliwa na sotoka, nao wakafika na balaa isiyojulikana kule. Tabibu mashuhuri Robert Koch alikuwa amekwisha kuviona vijidudu vyake Dar es Salaam mwaka 1897, katika damu ya ng'ombe wa pwani, akavihesabu kuwa ni vya maradhi mengine, yale ya kukojoa damu. Hata ilipofika 1903, alipoitwa Rhodesia kuyachungua upya, ndipo alipoyatenga mawili hayo. Mwaka uliofuata Arnold Theiler wa Transvaal akakieleza kijidudu chenyewe, ambacho hata leo wataalamu hukiita kwa jina lake, Theileria parva.

Sotoka niliyoitaja yastahili neno, kwa kuwa ndiyo iliyotangulia kulitikisa eneo hili. Iliingia Eritrea mwaka 1887, ikateremka kwa kasi, na kufika mwaka 1891 ilikuwa imekwisha kuyafikia maziwa makuu na kuteketeza makundi ya Rwanda na Burundi. Lakini sotoka haikubagua: iliua mkubwa na mdogo, mwenyeji na mgeni, na kwa kuwa aliyepona hakuugua tena maishani mwake, ilimpa mwanachuoni njia iliyonyoka, naye Walter Plowright akaifuata huko Muguga, Kenya, akapata chanjo iliyowezesha mataifa kutangaza mwaka 2011 kwamba maradhi hayo yametoweka duniani. Ndigana haina unyofu huo. Hiyo huchagua.

Na tuitazame inavyochagua. Kupe anapouma hamwambukizi ng'ombe papo hapo. Huhitaji kunyonya siku kadhaa ili vijidudu vikomae katika tezi za mate yake, kisha humwagwa mwilini, vikaingia ndani ya chembe nyeupe za damu, yaani askari walewale wa kuulinda mwili, na kuziamuru zigawanyike pamoja navyo, hata jeshi likawa ni la adui. Kwanza huvimba tezi iliyo chini ya sikio, nayo ndiyo alama ambayo mchungaji huipapasa kwa vidole kabla ya jambo jingine lolote. Kisha huja homa, pumzi hukatika, mapafu hujaa maji, povu hutoka puani, na aghalabu wiki ya tatu haimalizi. Lakini ndama wa ng'ombe wa asili, aliyezaliwa mahali ambapo kupe hawakosekani mwaka mzima, huumwa angali mdogo, na ingawa wengi hufa, wengi pia huinuka wakiwa wamejikinga. Yule wa mlimani, ambako baridi huwapunguza kupe, hukua bila kukutana nao. Siku atakaposhushwa bondeni kiangazi, au siku kupe watakapopandishwa juu masikioni mwa ng'ombe warudio, huanguka akiwa mkubwa, mwenye maziwa na mwenye mahari yake.

Serikali za kikoloni hazikushughulika sana na ndama huyo. Mwaka 1925 Ruanda-Urundi iliunganishwa na Kongo ya Wabelgiji, kwa hiyo kingo mbili za Ruzizi zikawa chini ya mamlaka moja, na huko Astrida, nchini Rwanda, vijana wakafundishwa usaidizi wa uganga wa mifugo. Lakini hikima ya zama zile, hapa kama kwa Waingereza, ilikuwa ni kumuua kupe kwa josho. Mwaka 1947 ikaundwa taasisi ya utafiti ya IRSAC, makao yake Lwiro, nayo ikajenga kituo Uvira. Ajabu ni kwamba kituo hicho kiliwapa ng'ombe mgongo, kikachungua maji ya ziwa na samaki wake. Wala siwalaumu, maana ziwa lile lina samaki wasiopatikana penginepo.

Josho lilikuwa na ila ambayo haikuonekana maadamu amani ilidumu: ndama asiyeumwa na kupe huwa mgeni katika nchi aliyozaliwa. Rhodesia iliyaona hayo katika vita vya miaka ya 1970, majosho yaliposimama na takriban ng'ombe milioni moja wakafa kwa maradhi ya kupe. Nasi wa Uvira, tuliopitiwa na maasi ya 1964 na vita vya 1996, twajua jinsi huduma ya serikali ikatikavyo usiku mmoja.

Mwaka 1975 wataalamu wa Muguga wakamrudia ndama. Walichukua vijidudu hai vya aina tatu, wakamchoma navyo mnyama, na saa ileile wakamchoma dawa ya kuvizuia visizidi, ili augue kidogo na apone akiwa na kinga. Almuradi wakafanya kwa makusudi lile ambalo bonde lilikuwa likilifanya kwa kubahatisha. Watafiti wa Bukavu na wenzao nao, katika miaka ya karibuni, wamekusanya damu na kupe wa Kivu Kusini na Burundi, wakaona kwamba vijidudu vya ukanda huu vimechanganyika, kwa sababu ng'ombe huvuka, na wavukapo hawaendi peke yao. Lakini chanjo ile ya Muguga huhifadhiwa katika naitrojeni ya maji, baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri, na mtungi wake hauna budi kujazwa mara kwa mara; kwa hiyo mfugaji wa Itombwe, ambaye barabara ya magari kwake ni mwendo wa miguu wa siku nzima au zaidi, angali akitegemea dawa ya kupulizia inunuliwayo sokoni, pamoja na vidole vyake chini ya sikio la ndama.