Kamera ya kartoni: foto ya kushika mkononi bila rezo

Kwa wakaaji wa Omate na vijiji vingine vya Masisi na Walikale, foto siku hizi inakaa ndani ya simu. Watu wanapigwa foto kwa arusi, kwa ubatizo, hata kwa kilio, lakini foto yenyewe haitoki. Siku simu inaibiwa, au inaanguka ndani ya maji wakati watu wanakimbia vita, zote zinaenda pamoja nayo. Na simu hiyo imebeba madini ya aina ileile inayochimbwa huku: koltani kama ya Rubaya, kasiterite kama ya Bisie. Kamera ya tundu haiombi hata moja kati ya hizo. Mtu anaijenga mwenyewe, na akitumia filamu ya papo kwa papo, foto inatoka siku ileile.

Jambo lenyewe watu wengi wameshaliona bila kujua. Ndani ya nyumba ya mbao yenye giza, jua likiwa kali inje, tundu moja dogo la musumari linaweza kuonyesha kwenye ukuta wa mbele watu wanaopita, miguu juu, kichwa chini. Ni ju mwangaza unatembea sawasawa: wa juu unaangukia chini. Ibn al-Haytham, mwanachuoni aliyezaliwa Basra huko Iraki, aliandika juu ya mambo hayo karibu miaka 1000 iliyopita. Kamera ya tundu ni nyumba ile iliyopunguzwa, na pahali pa ukuta kuko filamu.

Kartoni ngumu inatosha, yenye sentimita 6 toka tundu mpaka filamu. Ndani inapakwa rangi nyeusi isiyong'aa, makaa yaliyosagwa na gundi pia yanafaa. Kila kona inafungwa na skoche nyeusi. Mbele unakatwa mwanya, na juu yake kunabandikwa kipande cha mkebe wa bia au wa soda. Kipande hicho kinatobolewa na ncha tu ya sindano: tundu lisipite sana milimita 0.3. Hapa ndipo wengi wanaharibu, wanasukuma sindano nzima na foto inatoka kama moshi. Kipande cha skoche juu ya tundu ndicho mlango wa kamera.

Filamu ndiyo gharama. Polaroid ilianza kuuza kamera ya papo kwa papo mwaka 1948 kule Marekani, na mwaka 2008 ikatangaza kuacha kutengeneza filamu yake. Leo inayopatikana kwa urahisi kidogo ni Instax Mini ya Fujifilm, ya Japani, karatasi 10 kwa pakiti. Mnunuzi aangalie kwanza tarehe ya mwisho, ju joto la duka linaiharibu.

Kuingiza karatasi ndani ya kartoni kunafanyika katika giza kamili, usiku chini ya blanketi kwa mfano. Taa nyekundu pia inaichoma. Upande mweusi wa Instax ndio unaangalia tundu. Kuko kifuko cha dawa kwenye upande mmoja wa karatasi, kisiminywe kabla ya wakati.

Kamera inawekwa juu ya jiwe, haishikwi mkononi. Chini ya mawingu, tundu linafunguliwa kama sekunde 2. Kwa jua kali haifiki hata robo ya sekunde, mkono hauwezi, basi afazali kungoja mawingu, na Masisi hayakosi. Anayepigwa foto asitikisike.

Kisha dawa inapaswa kuenea. Njia nzuri ni kuazima kamera ya Instax: gizani, karatasi inarudishwa ndani ya kaseti tupu namna ilivyokuwa, lenzi inazibwa, kinabonyezwa kibonyezo, na rola za kamera zinaikamua. Kukosa hiyo, chupa laini inaviringishwa juu yake kwa nguvu, kuanzia upande wa kifuko. Foto itakuwa na madoa, lakini sura itajulikana. Asubuhi ya baridi inawekwa mfukoni mwa shati mpaka rangi itoke.

Kuko hatari moja ya kuelezwa wazi. Kisanduku cheusi kilichofungwa na skoche kinaweza kutisha watu. Mwaka 2016, mjini Atlanta huko Marekani, polisi walifunga barabara na kulipua kamera ya namna hiyo iliyobandikwa kwenye daraja, wakidhani ni bomu. Huku kwetu kuko vizuizi na watu wenye silaha. Isiachwe njiani, isielekezwe kwa askari wala machimbo. Itumike nyumbani, na jirani waelezwe mbele.

Haifai kwa foto za makaratasi ya serikali, sura haiko kali ya kutosha. Inafaa kwa familia. Kisha mwaka 1994, ndani ya kambi za wakimbizi kandokando ya Goma, watoto waliopotezana na wazazi walipigwa foto ili zionyeshwe na jamaa zao watafutwe. Kwa hiyo kila foto iandikwe jina, tarehe na kijiji, kisha iwekwe ndani ya sasheti ya plastiki, mbali na jua.