Kitunguu cha bustanini: Maji mwanzoni, ukavu mwishoni

KIMANA ni mji mdogo katika Kaunti ya Kajiado, kwenye barabara itokayo Emali kuelekea Oloitokitok, chini ya Mlima Kilimanjaro. Mvua yake ni haba, lakini chemchemi zinazolishwa na mlima huo hutiririsha maji ambayo wakulima huyaelekeza mashambani kwa mifereji. Ndiyo sababu eneo hili la wafugaji limejulikana pia kwa nyanya na vitunguu.

Hata hivyo, maji hayo yanagombewa na wengi. Ng'ombe na mbuzi huyategemea, sawa na ndovu wanaozunguka kati ya Amboseli na Hifadhi ya Kimana, iliyoanzishwa mwaka wa 1996. Kwa hivyo, anayetaka kupanda vitunguu nyuma ya nyumba hana budi kujua ni lini maji huvifaa, na ni lini huviharibu.

Mbegu na kitalu

Kitunguu huanza kufanya kichwa kulingana na urefu wa mchana. Aina nyingi za Ulaya husubiri mchana wa saa 14 au zaidi, na hapa karibu na Ikweta huishia kutoa majani matupu. Red Creole na Bombay Red ni miongoni mwa aina zinazofaa, kwa kuwa hutosheka na mchana wa saa 12. Tazama pia tarehe iliyo kwenye pakiti, maana mbegu ya kitunguu hupoteza uhai wake upesi na ya msimu wa juzi aghalabu haioti.

Mbegu husiwa kitaluni kwa kina cha sentimita moja hivi, kisha hufunikwa kwa nyasi kavu hadi zichipuke. Baada ya wiki sita hadi nane, miche hufikia unene wa penseli na huwa tayari kupandikizwa.

Kupandikiza na kunyunyizia

Changanya udongo na samadi iliyooza vyema. Acha sentimita 10 baina ya miche na 30 baina ya mistari, wala usiifukie mno. Kwa nafasi hiyo, kijishamba cha mita mbili kwa tatu huchukua takriban miche 200. Jiko linalotumia kitunguu kimoja kwa siku litapata akiba ya miezi kadhaa, hata vingine vikipotea.

Mizizi ya kitunguu ni mifupi. Afadhali kukipa maji kidogo mara kwa mara kuliko kukifurikisha mara moja kwa wiki. Palilia kwa mkono, kwani magugu hukishinda kwa urahisi. Chunguza pia katikati ya majani: mistari myeupe yenye kung'aa ni dalili ya thiripsi, wadudu wadogo wanaofyonza utomvu na ambao huzidi wakati wa kiangazi.

Kuvuna na kukausha

Hapa ndipo wengi hukosea. Majani yanapoanza kulegea na kulala, maji hayana kazi tena. Komesha kunyunyizia, na zaidi ya nusu ya majani yakishalala, ng'oa. Anayeendelea kumwagilia kwa tamaa ya uzito huvuna kitunguu chenye shingo mbichi, na ni kupitia shingo hiyo ambapo uozo huingia. Mkulima wa namna hiyo hulazimika kuuza mara moja kwa bei atakayopewa, kwa kuwa bidhaa yake haiwezi kungoja.

Tandaza vitunguu kivulini, penye upepo, kwa wiki moja hadi mbili, mpaka shingo inyauke na maganda ya nje yatoe sauti yakiguswa. Ndipo ukate majani, ukiacha kishina kifupi. Vihifadhi katika wavu au juu ya kichanja, mbali na viazi. Vyenye shingo nene au michubuko vitangulie jikoni.

Jikoni

Kisu kinapokata kitunguu, chembe zake hupasuka na kutoa gesi inayochoma macho. Kisu kikali huponda chembe chache, na kitunguu kilichopozwa hutoa gesi kidogo. Kwa kachumbari, kata vipande vyembamba, vifikiche kwa chumvi, uvisuuze, kisha uchanganye na nyanya, dhania, pilipili na ndimu. Kwa pilau, kaanga polepole hadi vigeuke kahawia bila kuungua, kwani rangi ya pilau hutoka humo. Majani mabichi nayo hukatwa na kutiwa katika sukuma wiki.

Onyo kwa wafugaji

Katika nyumba yenye mifugo, vitunguu vilivyooza huonekana kama lishe ya bure. La hasha! Vina kemikali zinazoharibu chembe nyekundu za damu, na ng'ombe akivila kwa wingi anaweza kufa. Mbuzi na kondoo huvistahimili zaidi, lakini mbwa naye yumo hatarini. Mabaki yafukiwe kwenye shimo la mboji lililozungushiwa ua.

Kwa ufupi, kitunguu hakidai maji mengi bali maji ya wakati wake. Anayejua siku ya kufunga mfereji ataviacha vitunguu vyake vingoje bei, na maji atakayookoa yatamfaa jirani au ng'ombe.