Village of the Damned: watoto wa kuogopwa wa mwaka 1960 na vigego wa kwetu

Village of the Damned ni filamu ya kutisha ya Uingereza iliyotoka mwaka 1960. Haina rangi, inakwenda kwa dakika 77 tu, na ilitengenezwa kwa fedha ndogo chini ya kampuni ya MGM. Mwongozaji ni Wolf Rilla. Hadithi imetolewa kwenye riwaya ya John Wyndham ya mwaka 1957, The Midwich Cuckoos, ambayo jina lake linamtaja ndege anayetaga kwenye kiota cha ndege mwingine na kuacha kifaranga chake kilelewe na mama asiyejua. Wengi wetu tulianza kuijua kupitia toleo la rangi la John Carpenter la mwaka 1995. Ile ya zamani ndiyo bora, na hilo tunalisema bila kusita.

Kisa kinaanza saa tano asubuhi katika kijiji cha kubuni kiitwacho Midwich. Watu wote wanaanguka na kupoteza fahamu kwa wakati mmoja, hata ng'ombe malishoni. Baada ya saa chache wanaamka wakiwa wazima. Miezi miwili baadaye inagundulika kwamba wanawake wote wenye umri wa kuzaa wana mimba, akiwemo binti ambaye hajawahi kulala na mwanamume na mke ambaye mumewe hajaonekana nyumbani kwa mwaka mzima. Sehemu hii inapita haraka, lakini aliyekulia kijijini ataielewa vizuri kuliko vitisho vyote vinavyofuata: mume kimya, mke analia, majirani wananong'ona.

Wanazaliwa watoto kumi na wawili. Wote wana nywele nyeupe, wote wana macho makali, na wanakua haraka kuliko kawaida. Ukimfundisha mmoja kufungua kisanduku cha fumbo, wenzake wote wanajua kukifungua. Wanasoma mawazo ya watu. Dereva anayekaribia kumgonga mmoja wao analazimishwa kwa macho tu aendeshe gari hadi ukutani, na ndugu yake anayekuja na bunduki kulipa kisasi anaishia kujipiga mwenyewe. Kiongozi wao ni David, aliyeigizwa na Martin Stephens, ambaye mwaka uliofuata aliigiza tena mtoto wa kutia shaka katika The Innocents. Hapigi kelele wala hakasiriki. Anaongea kama karani wa benki, na hapo ndipo mwili unasisimka.

Uhaba wa fedha unaonekana ukijua pa kuangalia. Hakuna zimwi wala damu nyingi. Watoto walivalishwa nywele bandia zilizojazwa ndani ili vichwa vionekane vikubwa. Mng'ao wa macho uliongezwa baadaye juu ya picha, na mara nyingi picha ilibidi isimamishwe ili mng'ao ukae mahali pake. Kijiji chenyewe ni cha kweli, Letchmore Heath, karibu na London. Mussa Banzi alipotengeneza Nsyuka na Shumileta hapa Tanzania katika muongo wa kwanza wa miaka ya 2000, naye hakuwa na mtaji mkubwa, lakini alichagua njia tofauti: mtazamaji aonyeshwe kiumbe chenyewe. Rilla anamwonyesha mtoto aliyechana nywele vizuri na kuvaa koti safi, basi.

Kuna mazungumzo katika filamu hii ambayo watazamaji wengi huyapita. Gordon Zellaby, msomi anayeigizwa na George Sanders, anakaa na wakubwa wa serikali na kuambiwa kwamba watoto kama hao wamezaliwa pia sehemu nyingine za dunia. Katika kijiji kimoja cha Urusi wanaume waliwaua watoto pamoja na mama zao. Na katika jamii moja ya Wainuiti, kaskazini ya mbali, watoto wote waliuawa kwa sababu watoto wenye nywele nyeupe kuzaliwa na wazazi wenye nywele nyeusi ni mwiko. Maneno haya yanasemwa kama taarifa ya ofisini, kisha mkutano unaendelea.

Tuliposikia hayo, neno lililotujia ni moja: kigego.

Kijana wa Morogoro mjini leo huenda akalijua neno hili kama tusi la mtu mwenye mkosi. Kamusi za Kiswahili zinatunza maana ya zamani. Kigego ni mtoto aliyeota meno ya juu kabla ya yale ya chini, au aliyeota meno kinyume na utaratibu, na kamusi ya Kiswahili ya mwaka 1939 iliyosimamiwa na Frederick Johnson inaeleza kwamba zamani watoto hao waliuawa. Imani hii ilienea pwani na bara yake, hadi huku kwetu milimani Uluguru na kwa majirani zetu. Iliaminika kwamba kigego akiachwa akue, ndugu watakufa, mvua itakatika, nyumba itaingiwa na balaa. Katika baadhi ya jamii pacha na watoto waliotanguliza miguu wakati wa kuzaliwa waliwekwa kundi hilohilo.

Tofauti na Midwich ni kubwa. Kule mtazamaji anaona kwa macho yake watoto wakiua watu, hivyo Zellaby anapoingia darasani na bomu ndani ya mkoba, akiwaza ukuta wa matofali ili wasisome kilichomo kichwani mwake, tunamwelewa. Kigego hakuwa ameua mtu. Alikuwa na umri wa miezi sita au minane, na ushahidi wote ulikuwa meno mawili. Jamaa akifa mwaka huohuo, meno yalikuwa yameshasema. Asipokufa mtu, labda ni kwa sababu mtoto aliondolewa mapema. Imani ya namna hiyo haiwezi kushindwa kesi.

Na zile nywele nyeupe? Mwaka 1960 zilikuwa mbinu ya kutisha tu. Tanzania, ambako watoto wenye ualbino wamewindwa na kukatwa viungo kwa sababu ya rangi yao, ni vigumu kuziangalia hivyohivyo. Ukiitazama na watoto nyumbani, zungumzeni kuhusu hilo.

Waliotengeneza filamu ya pili, Children of the Damned ya mwaka 1964, ni kama walishtuka wenyewe. Safari hii watoto ni sita kutoka nchi sita, mmoja wao Mnigeria, na wakubwa wenye mizinga ndio wanaotisha. Watoto wanakufa kwa ajali: bisibisi inaanguka, na ishara ya kushambulia inatoka bila aliyeamuru.

Turudi kwenye meno, maana maswali ya kinamama hatuyakosi. Kwa kawaida meno mawili ya mbele ya chini hutangulia, kuanzia miezi sita hivi, kisha ya juu. Yakitangulia ya juu si ugonjwa, na hakuna dawa inayohitajika. Mara chache mtoto huzaliwa na jino tayari. Likiwa linalegea, au linamjeruhi anaponyonya, apelekwe kwa daktari wa meno.

Jambo la kuogopa ni yale yanayoitwa meno ya plastiki. Tangu miaka ya 1980 madaktari wa meno nchini wameandika kuhusu vichanga wenye homa au kuharisha ambao hupasuliwa fizi na kung'olewa vijino vichanga, kwa kawaida pale pa chonge, kwa kisu au kitu chochote chenye ncha, bila ganzi. Kinachotolewa ni mbegu ya jino la kweli. Mtoto anaweza kutokwa damu nyingi, kupata pepopunda au maambukizi mengine, na ile homa iliyomleta inabaki bila kutibiwa. Kama mwanao anaharisha au ana homa wakati anaota meno, mpeleke zahanati apimwe malaria na apewe maji ya chumvi na sukari ya ORS, na uendelee kumnyonyesha.