Steringi Hafi? Muulize Earl Cameron

Wote tuliokulia kwenye vibanda vya video tunaijua sheria: steringi hafi. Atapigwa, atadondoka, ila mwisho wa picha anamaliza maadui na kuondoka na mrembo. Sasa cheki ilivyokuwa kwa waigizaji weusi wa Uingereza miaka ya 1950.

Earl Cameron alizaliwa Bermuda mwaka 1917. Alitua London 1939 akiwa baharia, akaosha vyombo mgahawani kabla ya kupata kajinafasi jukwaani. Mwaka 1951 akatoka kwenye Pool of London ya studio za Ealing, akiwa Johnny, baharia wa Jamaika. Anakutana na Pat, dada wa Kizungu anayeuza tiketi ukumbini. Wanazunguka mji, wanapiga stori, unaona kabisa moyo umeshaingia. Halafu? Hata busu hakuna. Johnny anarudi melini, mchezo umeisha. Na kwa enzi hizo hiyo ilikuwa picha ya kijasiri!

Mwaka 1959 alirudi kwenye Sapphire, ya mwongozaji yule yule, Basil Dearden. Safari hii ni daktari ambaye dada yake ameuawa. Dada mwenyewe, ambaye jina la picha ni lake, tunakutana naye akiwa tayari maiti.

Na sisi huku tulikuwemo, ila kwa nyuso za kuazima. Men of Two Worlds ya 1946 inamhusu Kisenga, mwanamuziki anayetoka London kurudi Tanganyika kupambana na malale. Aliyemcheza ni Robert Adams, mzaliwa wa Guiana ya Uingereza. Ikaja Simba, 1955, kuhusu Mau Mau Kenya. Cameron ni Daktari Karanja, baba yake akachezwa na Orlando Martins wa Nigeria. Yaani familia ya Kikuyu, baba Mnigeria, mtoto wa Bermuda!

Steringi wa Simba ni Dirk Bogarde, mlowezi, na mapenzi yake ni kwa Virginia McKenna. Karanja, msomi anayetaka amani, anauawa akijaribu kuwatuliza watu wake. Mkenya aliyelilia ardhi yake aliambulia kuchorwa kama adui tu.

Kwa hiyo msije mkadanganyika kwamba weusi hawakuonekana. Walionekana sana tu, na Cameron aliigiza kwa heshima kubwa. Shida ni kwamba wenye kalamu, kamera na hela walikuwa wengine, na wao ndio walioamua nani apendwe na nani afe.

Cameron alitunukiwa nishani ya CBE mwaka 2009, akafariki 2020 akiwa na miaka 102. Steringi wa kweli, kawazidi umri karibu wote waliomuua kwenye picha.

Haya wadau, picha gani uliyoiona karibuni ambayo mweusi kafika mwisho akiwa hai na mapenzi yake? Shusha jina hapo chini.