Nani Kabaki Kwenye Picha? Historia Fupi ya Kamera Harusini

Picha ya harusi ina umri mdogo sana ukilinganisha na harusi yenyewe. Babu zetu walioana, walilipa mahari, walicheza ngoma mpaka asubuhi, na hakuna aliyesema "subirini, fundi hajafika." Kamera ilitangazwa kule Paris mwaka 1839, na ilichukua muda mrefu kabla haijapata kiti kwenye sherehe. Nataka kueleza ilivyoingia, kwa sababu hapa kambini Nyarugusu picha ya harusi ina kazi mbili. Ya kwanza ni kumbukumbu, kama kwa watu wote. Ya pili ni ushahidi.

Kuna siku mume au mke atakaa mezani mbele ya afisa, na afisa atauliza: "Huyu ni mwenzako tangu lini?" Cheti kiliungua na nyumba, au hakikuandikwa kabisa, kwa sababu wazee walipokea mbuzi na vitenge wakaona imetosha. Kinachobaki mkononi ni maneno yake na ile picha.

Mimi si fundi picha. Nina kibanda cha kuchaji simu na kuhamisha video kutoka kwenye kadi kwenda kwenye flashi. Harusi za watu zinapita mezani kwangu kila wiki, za Wakongo na za Warundi, na kabla ya kumrudishia mtu kadi yake lazima niangalie kama video inacheza. Kwa hiyo nimeona mtindo ukibadilika, na mabadiliko hayo yana historia ndefu kuliko simu zetu.

Wakati maharusi walipoifuata kamera

Mashine za kwanza zilikuwa nzito, na mtu alitakiwa kutulia tuli kwa muda mrefu. Huwezi kumwambia bibi harusi anayelia au mjomba anayecheza atulie hivyo. Basi maharusi ndio walioifuata kamera studio, mara nyingi siku nyingine kabisa.

Mfano unaojulikana sana ni wa Malkia Victoria wa Uingereza. Aliolewa na Albert tarehe 10 Februari 1840. Siku hiyo hakupigwa picha. Mwaka 1854, miaka 14 baadaye, wakasimama mbele ya kamera ya Roger Fenton wakiwa wamevaa rasmi, na mpaka leo watu wengi wakiiona picha ile wanasema ni ya harusi yao. Siku si yenyewe. Ndoa ilikuwa ya kweli, na watoto walikuwa wamejaa nyumba.

Huku kwetu mambo yalikwenda vilevile. Zanzibar, Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio mwaka 1930. Mombasa, N. V. Parekh alikuwa na studio iliyopendwa na maharusi. Bamako, nchini Mali, Seydou Keïta alifungua studio mwaka 1948, na mle ndani alikuwa na suti, saa za mkono, redio, hata pikipiki ndogo, vyote vya kuazima. Mtu anaingia na shati lake la kawaida, anatoka kwenye picha ni bwana mkubwa. Hakuna aliyemwita mwongo. Wote walijua kuwa studio ni mahali pa kuonekana unavyotaka kukumbukwa.

Kuna mmoja ambaye sisi wakimbizi tunapaswa kumjua: Samuel Fosso. Alizaliwa Cameroon mwaka 1962, akakulia Nigeria, akapitia vita ya Biafra akiwa mtoto. Baadaye akachukuliwa na mjomba wake mpaka Bangui, na mwaka 1975, akiwa na miaka 13 tu, akafungua studio yake. Mchana alipiga picha za wateja. Filamu ikibaki kidogo mwishoni, alijipiga mwenyewe, na picha nyingine akamtumia bibi yake Nigeria ajue mjukuu yu mzima. Ukiona kijana hapa kambini anajipiga picha karibu na bomba la maji na kuituma kwa bibi, usimcheke. Kazi hiyo ina wazee wake.

Mwaka 2014, machafuko yalipoikumba Bangui, nyumba ya Fosso ilivunjwa na kuporwa. Waporaji hawakuwa na haja na filamu, wakazitupa nje. Waandishi wa habari waliokuwa wakipita waliziona zimetapakaa, wakaokota maelfu. Mle ndani mlikuwa na sura za watu waliopita studio ile kwa miaka mingi. Nikiisikia habari hiyo nafikiria nyumba zetu za Uvira na Fizi, na albamu zilizoachwa chini ya kitanda mwaka 1996 tulipokimbilia ziwani. Zetu hakuna aliyezipitia.

Wakati kamera ilipokuja harusini

Mwaka 1976 kampuni ya JVC ya Japani ilitoa kanda ya VHS. Katika miaka ya 1980 kamera na mashine ya kurekodi vikawa kitu kimoja cha kubeba begani. Hapo ndipo video ya harusi ya watu wa kawaida ilipoanza.

Wenye umri wangu mnaikumbuka. Taa kali inayowafanya wazee wafumbe macho. Maua na mioyo inayoruka kwenye kioo. Video yenyewe saa tatu, na saa moja kati ya hizo ni watu wanakula wali. Vijana wanazicheka sana kanda hizo, na kweli zilichosha.

Lakini angalia zilikuwa na nini ndani. Kameramani alianza mlangoni na kumpitia kila mtu, meza kwa meza, sura kwa sura. Shangazi aliyekuja kwa basi kutoka mbali alionekana, na mtoto aliyelala mapajani pia. Sauti ya mzee wa ukoo akihesabu mahari ilisikika yote, pamoja na kelele za wanaobisha kwamba mbuzi mmoja ni mdogo. Jina la kijiji lilitajwa, la baba na la mama pia. Kameramani yule alikuwa akitimiza agizo la mwenye sherehe: "Usimwache mtu." Hakujua kwamba alikuwa akiandika daftari la mashahidi.

Ubaya wa kanda ni kwamba haipendi joto wala unyevu, na mashine za kuichezea zimekwisha. Kampuni ya Funai, ya mwisho kuzitengeneza, iliacha mwezi Julai 2016. Mwenye kanda ya harusi sandukuni na aihamishe mapema, maana kila mwaka unaopita inazidi kufifia.

Sasa harusi inaifuata kamera

Mwaka 2008 Canon walitoa kamera ya picha iitwayo 5D Mark II, iliyoweza pia kurekodi video safi sana. Kipande chake cha ndani kinachopokea mwanga ni kikubwa, kwa hiyo mafundi waliweza kupata ule mwonekano wa sinema: sura ya bibi harusi kali kama kioo, na nyuma yake ukungu laini. Kuanzia mwaka 2013 droni ndogo za DJI Phantom zikaifanya picha ya angani kuwa kitu cha kununuliwa dukani. Kisha simu na mitandao vikaleta video za wima, fupi, zenye muziki. Mwaka 2020, corona ilipofunga watu ndani, maharusi duniani kote wakaanza kurusha ndoa zao moja kwa moja kwa jamaa walio mbali. Na siku hizi wapo wanaoajiri mtu wa simu pembeni ya fundi mkuu, kazi yake kutoa vipande vya mtandaoni kabla sherehe haijaisha.

Mitindo hii imefika mpaka huku. Droni hatuna, na si kitu cha kurusha bila kibali. Lakini ukungu upo, simu za leo zinautengeneza zenyewe. Mwendo wa polepole upo. Video ya vionjo ya dakika moja, yenye wimbo wa mapenzi juu yake, ipo kila Jumamosi. Vijana wetu wanaifanya kwa simu moja na kitambaa cheupe cha kupunguza jua, na nawavulia kofia.

Ila mimi ninayeangalia kadi nzima naona kitu kimoja kinajirudia. Kila mtindo mpya unapunguza shahidi. Ukungu unamfuta bibi aliyekaa nyuma. Picha ya angani inawageuza wageni kuwa sisimizi. Video ya wima inawakata waliosimama kandokando, na kandokando ndiko wanakosimama wazazi na wasimamizi. Muziki unameza sauti, kwa hiyo mzee anayetaja majina anafungua na kufunga mdomo kama samaki. Dakika moja ya vionjo inabaki na watu wawili wazuri wasiotoka popote.

Mama mmoja aliniletea flashi, mtoto wake ameolewa. "Papa, nitafutie mahali ambapo dada yangu anaonekana." Dada yake alifariki wiki chache baada ya harusi. Tuliitafuta video yote. Tulipata mkono wake tu, wenye bangili, ukipiga makofi pembeni ya kioo. Mama akaniomba niisimamishe pale, akaipiga picha kwa simu yake, akaondoka.

Mezani kwa afisa

Hapa niseme na ndugu zetu wa mashirika, maana nao wanasoma.

Sheria haijatusahau. Mkataba wa Wakimbizi wa 1951, kifungu cha 12, unataka nchi ziheshimu haki ambazo mkimbizi alikwishazipata, hasa zile za ndoa. Agizo la Umoja wa Ulaya la 2003 kuhusu kuunganisha familia linasema kwamba mkimbizi asiye na hati, ushahidi mwingine uangaliwe, na asikataliwe kwa sababu ya kukosa hati peke yake. Marekani, aliyepokelewa kama mkimbizi ana miaka miwili ya kumwombea mke au mume na watoto, na ndoa iwe ilikuwepo kabla hajapokelewa. Katika njia zote hizo picha inaweza kuwekwa mezani. Haiwi cheti, lakini inasikilizwa.

Shida ni namna ya kuisoma. Jirani yangu aliulizwa na afisa mmoja kwa nini picha yao ina miezi mitatu zaidi ya tarehe ya ndoa aliyoitaja. Mwingine aliulizwa suti ile ameitoa wapi. Jibu la wa kwanza: fundi hakuwepo siku ile, walipiga picha walipopata pesa. Jibu la pili: suti ni ya kuazima, imeoa wanaume wengi hapa. Malkia alikawia miaka 14, na wateja wa Keïta waliazima hata saa. Kuchelewa na kuazima ni sehemu ya historia ya picha ya harusi tangu mwanzo. Kuvifanya dalili ya uongo ni kutoijua historia hiyo.

Jambo lingine ni tarehe. Kamera ndogo ikiishiwa betri ya saa, inarudi kwenye tarehe iliyotoka nayo kiwandani. Nina wateja ambao picha zao zinasema walioana wakiwa na miaka minane. Na picha ikitumwa WhatsApp kwa njia ya kawaida, inabanwa na habari za ndani zinaondolewa, pamoja na tarehe. Ikitumwa kama faili, inabaki nazo. Afisa akijua hili atauliza vizuri zaidi.

Tumwombe nini fundi wetu

Sisemi turudi kwenye saa tatu za wali. Uzuri ni haki yetu pia. Mtu aliyeishi chini ya turubai ana haki ya dakika moja ya kuonekana kama nyota. Namwomba fundi aongeze mambo machache tu, ambayo hayamgharimu hata nusu saa.

Apige picha moja ya wote, watu wamepangwa, hakuna ukungu, kila sura inaonekana. Achukue video moja ya kulala, bila muziki, mzee wa kila upande akitaja jina lake, jina la mtoto wake, mahali wanapotoka, na tarehe ya leo. Mahari yarekodiwe na sauti zote, hata za wanaobisha. Kabla ya kuanza, aitazame saa ya kamera. Akimaliza, aweke kopi mbili kwa watu wawili tofauti, kwa sababu kadi nayo hufa bila kuaga. Harusi ikirushwa moja kwa moja kwa ndugu walio Australia au Kanada, aihifadhi, la sivyo itapita kama upepo. Na kabla ya kuweka chochote mtandaoni aulize, maana kuna wageni humu waliokimbia watu ambao bado wanawatafuta.

Vijana wawili wa hapa wameshaanza. Wanauza vionjo vyao vya dakika moja kama kawaida, na wateja wanavipenda. Lakini kwenye flashi wanaweka faili la pili, refu, lisilo na muziki, na wameliandika jina: "Mashahidi". Wiki iliyopita nilihamisha moja. Mzee alisahau tarehe, akasaidiwa na watu watano kwa mpigo, kila mmoja na ya kwake, mpaka bibi mmoja nyuma akaitaja iliyo sahihi. Sura yake ilionekana vizuri kabisa.